Sweta ya Baba Ilipokwenda kwa Wayahudi

Wiki iliyopita kijana wangu alinyeshewa akitoka shule, akavua sweta yake na kuianika kwenye kiti karibu na jiko. Mvuke ulipoanza kupanda, nilishika ukuta. Nilikuwa nasonga ugali, nikasimama pale na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua, na watoto wakanicheka wee mpaka wakachoka. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo: sufu iliyolowa, moshi wa kuni, na jasho kidogo la mtu mzima. Watoto wa siku hizi hawawezi kuijua. Nguo zao nyingi hata zikilowa hazinuki chochote.

Baba yangu alikuwa na sweta moja ya kahawia, imetoboka kiwiko cha kulia. Alikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la mchele. Walipakia Mwea wakapeleka Nanyuki kwa wenye maduka, na aliporudi nyumbani kwetu, huku juu karibu na Kianyaga, alikuwa na vumbi la mchele hata kwenye nyusi. Mimi nilikuwa kifungua mimba, nikapewa jina la mama yake kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo Baba hakuniita Wangari hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. "Maitu, leo umenipikia nini?" angeuliza, mwanaume mzima amechuchumaa mbele ya mtoto asiyefika hata kwenye meza. Nami nilijibu kwa ukali, maana mama wa mtu lazima awe mkali, "Kwanza nawa mikono!"

Kisha mvua za mwezi wa nne zikaja vibaya. Mto wa Sagana ulifurika, lori likateleza na kuingia majini likiwa na mchele wote. Dereva alipatikana kesho yake. Lori lenyewe lilivutwa baadaye kwa trekta. Baba hakupatikana. Asubuhi ile alikuwa ameiacha sweta kwenye kamba juu ya mafiga kwa sababu haikuwa imekauka, na Mama alisema kwamba hiyo ni dalili. Mtu haachi sweta yake kama harudi kuichukua.

Watu walikuja na viti vya kanisa, masufuria na kuni, kama wanavyokuja kwenye matanga. Mama aliwasimamisha mlangoni. "Mnakuja kulilia nani? Mwili iko wapi?" Ndugu wa Baba alijaribu kusema tufanye hata ibada ndogo, tuchome mshumaa, tumalize. Mama alimwambia, "Mnataka kuzika nini? Mnataka kuzika maneno?" Akashika jembe. Viti vikarudishwa kanisani usiku uo huo, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutamka neno marehemu ndani ya boma letu.

Halafu mchuuzi mmoja wa viazi akaja kusema eti ameona mtu wa kufanana na Baba huko Nanyuki, amesimama kwa geti la kambi ya wanajeshi wa kizungu, anaonekana kama mtu aliyepoteza kumbukumbu. Huyo mchuuzi sijui alikula nini siku hiyo. Mungu amsamehe, mimi bado. Kuanzia hapo Mama akawa wa kwenda Nanyuki. Aliondoka na picha ya Baba ndani ya kitambaa, akarudi jioni miguu imevimba, akatuambia hajampata lakini yuko, watu wa ranchi fulani huko Laikipia wanadhani walimwona akichunga ng'ombe. Kila jioni sahani ya Baba iliwekwa chakula na kufunikwa. Asubuhi mimi na mdogo wangu tulikula kile chakula, kimeganda.

Mtu niliyemchukia wakati huo, nasema wazi, alikuwa Cucu, nyanya yangu, mama mzazi wa Baba. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa kahawa zetu, karibu kiasi kwamba akikohoa tunamsikia. Tangu lori lianguke, Cucu hakumtaja mtoto wake. Si kwa huzuni, si kwa matumaini. Aliamka, akafunga kitambaa, akaingia kwenye kahawa. Mama akienda Nanyuki, yeye anachuma kahawa. Mama akirudi analia barabarani, yeye anachuma kahawa. Siku moja nikamwuliza, tukiwa wawili tu kwenye mistari, "Cucu, kwani wewe hutaki Baba arudi?" Hakuinua hata uso. Akasema, "Shika hiyo debe vizuri, kahawa inamwagika." Nikajiambia, huyu mwanamke ndani yake hakuna kitu. Na nilikuwa na jina lake! Nilitamani niliondoe mwilini.

Sasa, kuhusu Wayahudi. Sisi tulijua kwamba wako ndani ya Biblia na wako mbinguni, na wachache waliobaki wako Israeli. Askofu wetu alipokwenda kule kuhiji, watu walimpa picha za watoto wao wagonjwa, leso za wanawake wasiozaa, hata soksi za mlevi mmoja ambaye mke wake alitaka aache pombe. Vyote viliombewa huko na kurudishwa. Yule mlevi aliacha kunywa karibu mwezi mzima, na hiyo ikatosha kuwa ushahidi. Lakini askofu alikuwa amekwenda na kurudi kabla ya Baba kupotea, na hakuna aliyejua angekwenda tena lini.

Basi mwalimu wetu wa somo la dini, Mwalimu Barasa, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, aliyependa kutufundisha kwa kutuonyesha vitu, akatangaza kwamba darasa la saba litakwenda Nairobi kuona sinagogi na makaburi ya Wayahudi. Nilipomwambia Mama, aliacha kumenya viazi.

"Wayahudi? Wako Nairobi?"

"Mwalimu amesema wako."

"Wako hapa Nairobi, na hakuna mtu aliniambia?"

Alikasirika kweli, kana kwamba wamefichwa makusudi. Jioni hiyo aliitoa sweta ya Baba kwenye sanduku. Hakuwahi kuifua. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaukaza mara mbili ili harufu isitoke, akanishika mabega. "Sikia, Wangari. Usimpe mwalimu. Usimpe pasta yeyote utakutana naye huko. Mpe Myahudi mwenyewe, aishike na mikono yake, aombe. Hao ni watu wa Mungu kabisa. Wakiomba, Mungu hawezi kuwakatalia. Umesikia?"

Nilisikia. Nililala na mfuko ule chini ya mto, na sikumbuki furaha kubwa kuliko ya usiku huo.

Tulipopita daraja la Sagana basi lote lilinyamaza. Watoto wenzangu walijua. Njeri, rafiki yangu, alinishika mkono na kuangalia dirisha la upande mwingine. Mimi nilikumbatia mfuko na kuyaangalia maji bila woga, maana safari hii nilikuwa nakwenda kuyashtaki kwa watu wa Mungu wenyewe.

Kwanza Nairobi ilituangusha moyo. Tulitegemea majoho, fimbo na ndevu za kufika tumboni. Tukakuta ukuta wa mawe, maua yaliyokatwa vizuri, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki akisikiliza redio ya Kikamba. Myahudi aliyetupokea alivaa suruali ya khaki na soksi ndefu, na kikofia kidogo kilichokaa juu ya upara. Alituambia tumwite Mzee Yakobo. Njeri akaninong'oneza, "Hata ndevu hana! Una hakika ni yeye?"

Na Kiswahili chake! Kilikuwa Kiswahili cha huku kwetu kabisa. "Karibuni watoto. Mimi si mgeni. Nimezaliwa Nakuru, baba yangu alikuwa na duka ya misumari na mabati." Aliwapa wavulana vikofia, akafungua pazia la kabati mbele na kutuonyesha vitabu vilivyokunjwa kama mkeka, vimevalishwa nguo ya mahameli. "Hii ni kitabu yetu. Hatuigusi na kidole." Munene, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, akauliza, "Mzee, ulijua Musa?" Mwalimu Barasa alitaka kuzama ardhini. Mzee Yakobo alicheka mpaka akashika kiti. "Mimi ni mzee, lakini si mzee hivyo!"

Nilimpenda papo hapo. Nilisema moyoni, huyu Mungu atamsikia.

Lakini mfuko ulikuwa umebaki kwenye basi. Mwalimu alikuwa ametukataza kushuka na vitu, na sikuwa na nafasi. Tukapelekwa makaburini. Hapakuwa na maua, hilo nalikumbuka. Juu ya kila kaburi palikuwa na mawe madogo, mengine mawili, mengine rundo. Mzee Yakobo alituambia kwamba mtu akija kumtembelea wake huacha jiwe, ni njia ya kusema nimekuja. Kisha akaanza kutuongoza kwenye jiwe moja kubwa lililosimama peke yake mwisho wa njia, na nikaona sasa hakuna haraka, watu wamepumzika, huu ndio wakati wangu. Nikatoroka nikakimbia kwenye basi. Dereva alikuwa amelala, mlango umefungwa, nikagonga na kugonga. Mpaka aamke, afungue, niutoe mfuko chini ya kiti na kurudi mbio, yale maneno ya pale kwenye jiwe kubwa yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Nilikuta darasa limesimama nusu duara, kimya. Hata Munene. Mzee Yakobo alikuwa ameshika kitabu kidogo wazi. Akauliza, "Kuna mtu mwingine iko na jina?"

Haya, ninyi niambieni. Mtoto aliyelelewa katika makanisa yetu, kila Jumapili anasikia, nani ana ombi, nani ana mtu wa kuombewa, angeelewa nini? Niliinua mkono mpaka nikasimama kwa vidole. "Mimi! Mimi niko na jina!" Nikafungua mfuko na kutoa sweta. Harufu ya Baba ikatoka yote kwa mara moja.

Mzee Yakobo aliiangalia ile sweta, akaniangalia mimi, sare yangu, viatu vyangu. "Ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Alichukuliwa na mto. Hakupatikana."

Aliipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea mtoto mchanga. "Jina?"

"Kariuki."

"Kariuki mtoto wa nani?"

"Kariuki wa Njoroge."

"Kwetu pia tunasema hivyo," alisema. "Mtu na baba yake."

Akafumba macho na kuimba. Sijui niueleze vipi ule wimbo. Ulipanda na kuvunjika, ukapanda tena, na katikati ya maneno yale yasiyofahamika nikasikia jina la Baba wazi kabisa, Kariuki, na la babu yangu, Njoroge, katika lugha ya akina Ibrahimu. Machozi yalimshuka Mzee Yakobo. Nikageuka, Mwalimu Barasa naye analia. Nami nilifurahi, aki ya Mungu, nilifurahi hata nikataka kuruka, kwa sababu kanisani kwetu watu wakilia hivyo ni kwamba ombi limefika. Niliona Baba ameacha wale ng'ombe wa watu Laikipia, ameshika njia.

Mlangoni pa makaburi palikuwa na bomba, kila mtu ananawa mikono akitoka. Mzee Yakobo alinirudishia sweta ameikunja vizuri. "Pole sana, mama kidogo."

"Asante, Mzee. Sasa atarudi siku gani?"

Maji yalikuwa yanamwagika mikononi mwake. Hakuyafunga. Alimwangalia Mwalimu Barasa, na Mwalimu Barasa akamwangalia yeye, na nikaona wanavyojuana kwa macho kama watu wazima wanavyofanya mtoto akiuliza kitu kibaya. Kisha yule mzee alijishusha polepole, goti moja, halafu la pili, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mtoto, sikuomba arudi. Hii jiwe ni ya watu yetu waliuawa Ulaya, wakati ya vita. Hawana kaburi. Tunakuja hapa kutaja majina yao. Nilifikiria unajua."

"Lakini Baba hajafa."

"Nani anasema hajafa?"

"Mama."

Alinyoosha mkono akafunga bomba. "Mama yangu alikuja Kenya akiwa msichana. Wazazi yake walibaki kule. Vita ikaisha, hakuna neno. Akangoja. Kila gari ikisimama kwa duka, anatoka kuangalia nani ameshuka. Mpaka siku alikufa, mtoto, alikuwa anatoka kuangalia." Alijifuta uso kwa mkono ulioloa. "Mwambie mama yako tumemwombea kama mtu yetu. Mwambie hivyo tu."

Nililia njia nzima. Njeri alinipa mkate wake, nikakataa. Tulipokaribia Kutus akanisogelea sikioni. "Si umwambie tu wameomba? Si uwongo. Wameomba kweli."

Na ilikuwa kweli, hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Ningesema maneno mawili, Mama angefurahi. Angefunika sahani usiku huo akiimba. Kesho angefunga safari ya Nanyuki, na kesho kutwa, na sisi tungekua tukimwangalia. Nilimwona yule mama wa Mzee Yakobo, ambaye sikuwahi kumwona, anatoka dukani kila gari likisimama. Nilikuwa mtoto tu. Sikujua nifanye nini, na hakuna mtu wa kumwuliza.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika. Kiwanja kilikuwa kimefagiwa. Niliisikia harufu ya kuku kabla sijafika mlangoni, na Mama alitoka mbio akijifuta mikono, amevaa lile rinda la kanisani. Alikuwa mzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama yangu ni mzuri.

"Uliwaona? Aliishika? Mwenyewe?"

"Aliishika, Mama. Na mikono miwili."

"Aliomba?"

"Aliomba. Alimtaja Kariuki wa Njoroge. Aliimba, akalia."

"Myahudi alilia!" Mama alishika kifua, akacheka. "Asante Yesu. Asante Yesu! Akasema nini?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake na kipande cha chapati. "Mama, ni maombi ya watu wamekufa. Wale hawana kaburi. Alisema wamemwombea Baba kama mtu yao."

Alinipiga kofi. Si la nguvu, lilikuwa kofi la mtu anayefukuza nzi. "Nani aliwaambia amekufa? Wewe?"

"Sikusema! Nilisema tu amechukuliwa na mto!"

"Na yeye akaomba hiyo?"

"Ndio."

"Myahudi mwenyewe?"

"Ndio, Mama."

Nikamwona anafikiri. Kila mtu aliyewahi kumwambia Baba amefariki, alikuwa na jibu lake. Shemeji anataka shamba, chifu ni mlevi, pasta hana imani. Lakini hawa ni yeye mwenyewe aliyewachagua. Ni yeye aliyeniambia Mungu hawezi kuwakatalia. Alitafuta, nikiona midomo yake ikitafuta, na hakupata la kuwasingizia. Alikaa chini pale kwenye kiwanja alichofagia, akavua kitambaa kichwani, akapiga ukemi ambao nimeusikia mara moja tu maishani.

Majirani walikuja mara moja, kana kwamba walikuwa wamelala na viatu. Walikuja na kuni. Walikuja na majani ya chai, maziwa na masufuria makubwa. Viti vya kanisa vikaletwa mabegani na wanaume waliokuwa wamevirudisha siku ile. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Cucu alikuja wa mwisho, ingawa ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Alitoka kwenye kahawa na kikapu bado kimefungwa kiunoni, watu wakampisha. Alisimama mbele ya Mama. Uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku, ila kikapu kilikuwa kimeinama na hakukishika, kahawa mbivu zikawa zinadondoka kutoka kikapuni moja moja.

"Mama Wangari," alisema, "umekubali?"

Mama alimwinulia uso. Aliitikia kwa kichwa.

"Mimi sikutaka kukutangulia. Mama mzazi akilia kwanza, ni kama anamuua mume wa mtu." Akamwinamia. "Sasa nikubalie nimlilie mtoto wangu."

Mama alimfungulia mikono pale chini. Cucu akaanguka ndani yake na kikapu chake, akamlilia Baba mpaka giza likaingia, akimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kulisikia.